Shamba la Daktari Tak

Tangu nilipoolewa hapa Dolmok, watu wa ofisi wamekuja kutuokoa mara kumi na moja. Mwaka wa themanini na nne walimwaga matairi ghubani, wakasema pweza watayafanya nyumba. Pweza hawakuhamia, na matairi yakatupasulia nyavu miaka tisa. Mwaka wa tisini na moja walileta watoto wa kombe kwa lori kutoka bahari isiyo yetu, wakawamwaga adhuhuri juani mbele ya wapiga picha. Wiki ya pili ufuo mzima ulinuka. Mwaka wa elfu mbili na tatu akaja bwana mmoja na viatu vya ngozi, akasimama juu ya ukuta wa bahari, hakushuka, akaandika kurasa mia moja na arobaini kuhusu matope yetu. Kurasa hizo ninazo, nimezisoma zote, na naapa mwandishi wake hakupata tope hata kwenye soksi.

Kwa hiyo Pyo, mwenyekiti wa ushirika wetu wa wavuvi, alipotuchezea nyimbo mbili za zamani kwenye kipaza sauti cha kijiji, kama kawaida yake kabla ya tangazo, kisha akatangaza kwamba anakuja mtafiti na tumpokee kwa heshima, mimi nilikuwa uani namenya vitunguu saumu. Nikasema, kwa sauti iliyomfikia bila kipaza, kwamba hii itakuwa ya kumi na mbili.

Safari hii jambo lilikuwa zito kuliko matairi. Mkoa ulitaka kujua kama mikono yetu ndiyo inayomaliza kombe wa ghuba. Ikionekana ndiyo, matope yote yangefungwa miaka mitatu. Sisi wavunaji tuko wanawake thelathini na wawili, na mdogo wetu ana miaka hamsini na sita. Kila mmoja ana ubao wake: unaweka goti moja juu, mguu wa pili unasukuma tope, unateleza hadi kwenye kombe, unachimba kwa mkono. Hatuna kazi nyingine. Ukimwambia mwanamke wa miaka sabini na minane apumzike miaka mitatu, humpumzishi, unamzika.

Mwenye miaka hiyo sabini na minane ni Dada Bun-i, mkubwa wetu, ambaye bado hutangulia kushuka matopeni na hutangulia kusema.

Mtafiti akaja mwezi wa kwanza. Jina lake Daktari Tak, miaka thelathini na tisa, mwembamba kiasi kwamba hata tope lilimhurumia, likawa linammeza hadi magotini tu. Alikuja kila bamvua, maji yanapokupwa sana. Akachomeka mianzi, akafunga kamba ya buluu, akapata vitalu vinne, viwili karibu na kijiji na viwili ukingo wa mbali, kila kimoja ukubwa wa sebule. Viwili, kimoja kila upande, vilifungwa, hakuna mtu kugusa kombe humo. Viwili vikaachwa wazi, tuvune kama siku zote. Yeye angekuwa anahesabu kombe katika vyote vinne na kulinganisha. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, na alituelezea vizuri kabisa. Sisi ndio hatukusikiliza, kwa sababu alituelezea baada ya chakula.

Maana tulipangiwa pia elimu: saa nane kwa mwaka katika ukumbi wa kijiji, asiyehudhuria leseni yake haisainiwi. Ukumbi wetu sakafu yake hupashwa moto kwa chini. Weka wanawake thelathini na wawili waliotoka matopeni kwenye sakafu ya moto, wameshiba tambi, zima taa, anza kuwaonyesha picha za mayai ya kombe. Kufika picha ya pili nusu yao walikuwa wanakoroma. Waliobaki macho walitaka kujua kwa nini hajaoa.

Akagawa vibao vya plastiki vyenye tundu la sentimita tatu. Kombe anayepenya kwenye tundu bado hajazaa, akasema, arudishwe. Dada Bun-i akainua mkono.

"Daktari, na wewe ushapimwa kwenye hilo tundu? Maana naona bado wanakurudisha."

Waliolala wakaamka kwa kicheko. Daktari akawa mwekundu hadi shingoni, akasema hilo liko nje ya mada, kisha akatugawia taulo zilizoandikwa "Mwache akue." Tukazifunga kichwani na kurudi makwetu.

Mimi nilimkalia kimya miezi miwili. Nilikuwa namsubiri akosee. Siku moja matopeni akaniuliza kwa nini kombe wa ukingo wa mashariki wana magamba meusi. Nikamwambia ni kile kijito kinachotoka mashamba ya mpunga, mwezi wa tano maji yake hubadilika rangi, na kombe hubadilika nayo. Akanyamaza, akaandika. Nikaisubiri ile "lakini" yao. Haikuja. Katika watu kumi na wawili huyu ndiye wa kwanza kuniuliza kitu kisha akafunga mdomo asikie jibu. Jioni ile nilimpelekea viazi vitamu, na nilijichukia njia nzima.

Mwezi wa tano ndipo mambo yalipoharibika. Daktari alikuwa ameinama kwenye kimojawapo cha vitalu vyake vilivyofungwa, anatikisa chekeche. Akahesabu kwa sauti, kumi na wawili, akaandika, akajinyoosha na kuvuta pumzi ndefu, ya mtu aliyefiwa. Dada Bun-i alikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Masikio yake huchagua cha kusikia, na hicho alikichagua.

Tulipofika kwenye ukuta wa bahari akatuketisha wote.

"Mama Sang-pil," akaniita, "umemsikia mtoto wa watu?"

Nikasema nimemsikia.

"Ametoka mbali. Analala chumba cha kupanga. Mke hana. Kazi yenyewe kuhesabu kombe, na kombe hawapo. Sasa mkubwa wake atamwambia nini? Mimi nikiwa hai, mgeni haondoki Dolmok na chekeche tupu."

Inabidi mtu ajue kwetu pakoje. Polisi aliyekuja kumkamata mume wangu mwaka wa themanini na tisa, kwa ajili ya maandamano yetu ya kupinga tuta la kuzuia bahari, aliondoka na mume wangu na mtungi wa kimchi, kabichi yetu ya pilipili. Mtoza kodi huondoka na vitunguu. Mtu akitoka kwako mikono mitupu, aibu ni ya nyumba. Hakuna aliyepinga. Tulikubaliana kwamba kila mmoja, akiwa anarudi na mfuko wake wa wavu, apitie kwa Daktari amwagie kombe gao mbili, yaani viganja viwili vilivyojaa.

Na tulimwagia kwenye vile viwili vilivyofungwa tu. Hivyo ndivyo tulivyoviita shamba la Daktari, kwa kuwa sisi tulikatazwa kuvigusa. Vile vya wazi vilikuwa vyetu, tulivuna humo wenyewe. Nani anampa mgeni zawadi halafu anaiweka kwenye stoo yake mwenyewe?

Na mimi nilimwaga. Niliyewaita watu waongo wa takwimu mbele ya magavana watatu, ana kwa ana, nikatolewa nje mara mbili kwa kushikwa mikono, nilikuwa nasimama kwenye kamba ya buluu nachagua kombe wanene.

Daktari akaanza kunawiri. Mwezi wa saba akawa anapiga mluzi akichekecha. Mwezi wa nane akaomba aongezewe wali. Sisi tukawa tunatazamana na kukonyezana, kila mmoja akijisifu kwamba gao zake ndizo zilizomponya. Mwezi wa kumi alitoa kitu kwenye chekeche akaruka, kiatu kimoja kikabaki tumboni mwa tope hadi leo. Alishika gamba dogo jeupe lenye mistari myekundu. Akalitia kwenye chupa, chupa akaitia kifuani ndani ya koti. Hatukujua ni nini, lakini tulifurahi kwa ajili yake.

Mwezi wa kwanza uliofuata ukaitishwa mkutano wa hadhara. Mkurugenzi wa mambo ya bahari alikuja kutoka mkoani, akavua viatu mlangoni kama kila mtu. Daktari Tak aliketi pembeni kwenye mashine ya picha, amenyoa, amevaa tai. Ukutani ukatokea mstari wa buluu unapanda kama ngazi ya paa.

Tukapiga makofi. Hatukujua mstari unasema nini, ila ulikuwa unapanda, na mtoto wetu ndiye aliyeuchora. Dada Bun-i alijifuta machozi kwa taulo. Mkurugenzi akashangaa. Alisema katika kazi yake yote hajaona kijiji kinachopokea sayansi kwa moyo mkunjufu namna hii.

Kisha akaeleza. Ndani ya vitalu vilivyofungwa, pasipoingia mkono wa mtu, kombe wameongezeka mara nne kwa miezi minane. Kwenye vitalu vya wazi hawakuongezeka. Na si hilo tu. Aina ya kombe ambayo haijawahi kuandikwa katika ghuba hii, tangu watu waanze kuandika, imerudi yenyewe mahali palipofungwa. Akasema bahari ikiachwa hujiponya. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tatu matope yote ya Dolmok yatafungwa miaka mitatu, na anatushukuru tangu sasa kwa ushirikiano wetu.

Makofi yalikufa mwanamke mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Dada Bun-i, ambaye bado alikuwa anajifuta machozi ya furaha na hakusikia vizuri.

Halafu vichwa thelathini na kimoja vikanigeukia. Kwa kawaida wakati kama huo huwa nimeshasimama zamani. Nikasimama, goti likalia hadi mlangoni, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Takwimu hizi zimepikwa."

Mkurugenzi alikuwa ameonywa juu yangu. Aliweka chini fimbo yake ya kuonyeshea, akakunja mikono.

"Mama Sang-pil, nimeambiwa husema hivyo kila mara. Basi leo tusaidie. Nani amezipika?"

Swali hilo nimelisubiri miaka thelathini na tano. Siku zote walinikatisha kabla ya kulifikia. Nilikuwa na majina kichwani, ya watu na ya ofisi, na tarehe. Nikamtazama Daktari Tak. Alikuwa ananiangalia bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemngoja shangazi yake amalize maneno yake warudi mezani. Nikajua nikilisema hili, kila nililowahi kusema, matairi, lori, viatu vya ngozi, watanirudishia usoni. Watasema yule mama wa Dolmok ndiye mpishi mwenyewe. Na nisipolisema, mwezi wa tatu hatuna tope.

"Sisi," nikasema.

Nikaeleza yote: gao mbili, wanawake thelathini na wawili, kila bamvua tangu mwezi wa tano. Mwenyekiti Pyo akasimama haraka kuwaambia wageni kwamba Mama Sang-pil hakulala vizuri. Nikamwambia akae, nililala vizuri kumzidi.

Na mkurugenzi hakuniamini. Hapo ndipo nilipopata malipo yangu. Alitabasamu kwa huruma, akasema anaelewa uchungu wetu, mtu anayepoteza riziki anaweza kusema lolote, lakini haiwezekani bibi vizee wakaongeza kombe mara nne kwa viganja. Nimewaita watu waongo tangu ujana wangu, na siku niliyojiita mimi mwongo nikakosa wa kuniamini.

Dada Bun-i alikuwa ameshadokezwa sikioni kilichotokea. Akanyanyuka akimshikilia aliye jirani yake.

"Mwanangu," akamwambia mkurugenzi, "hebu nionyeshe tena huyo aliyerudi mwenyewe."

Picha ikaletwa ukutani, gamba jeupe la mistari myekundu, kubwa kama mlango.

"Huyu? Huyu nilimnunua mimi. Siku ya soko, kule mjini. Goti lilikuwa limenikatalia, sikuvuna kitu wiki nzima. Sasa ningepita shambani kwa Daktari mikono mitupu, wenzangu wote wanamwaga? Muuzaji aliniambia wanatoka mbali, wazuri kwa supu."

Mkurugenzi akamgeukia Daktari Tak. Daktari alikuwa hatazami mtu. Baadaye tulikuja kujua kwamba juu ya kombe yule alikuwa ameshaandika makala nzima na kuituma kwa wakubwa wa sayansi, na alikuwa anasubiri jibu lao.

"Bibi," Daktari akauliza taratibu, "walikuwa wangapi?"

"Nusu kilo. Wengine nilikula."

Daktari akazima mashine. Akaja mbele, akasimama pale palipokuwa na mstari wa buluu. Ningependa apige kelele. Kelele nazijua, nazijibu. Yeye aliongea kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Alisema hadi mwezi wa tano alikuwa na hesabu za miezi minne, na katika hesabu hizo, vitalu vilivyofungwa na vya wazi vilikuwa karibu sawa.

"Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba mikono yenu haimalizi kombe," akasema. "Mlikuwa mnashinda."



"Sasa ile pumzi?" akauliza Dada Bun-i. "Mbona uliguna vile, tukadhani umefiwa?"

"Mgongo, bibi. Mgongo ulikuwa unaniuma."

Mkurugenzi aliondoka bila kunywa chai, jambo ambalo Dolmok halijawahi kutokea, lakini mfuko wa viazi aliwekewa ndani ya gari. Kabla hajaondoka alitamka kwamba hesabu zote zinatupwa, kazi inaanza upya mwaka mzima, na ataleta walinzi kutoka mjini wakae kwenye kamba. Daktari Tak ndiye aliyekataa walinzi. Alisema kosa lilikuwa la somo lake. Alitufundisha habari za kombe na hakutufundisha habari za kuhesabu. Safari hii tutahesabu naye, sisi wenyewe, na chakula kitaliwa baada ya somo.

Somo la kwanza alileta mabakuli mawili ya maharage. Tukatakiwa tuhesabu kila bakuli na kuandika, basi. Tulipojaribu mara ya tatu hesabu ikawa hailingani. Dada Bun-i alikamatwa na maharage mkononi, anayaongeza kwenye bakuli lenye machache.

"Lilikuwa linasikitisha," akajitetea.

Daktari aliketi sakafuni mbele yake, akamweleza kwa muda mrefu kwamba namba ni kama mgonjwa anayeulizwa panapouma. Ukimjibia wewe, atapewa dawa ya ugonjwa wako. Dada Bun-i akamsikiliza hadi mwisho, akasema sasa kaelewa, ila angetaka kujua, mgongo wenyewe umepona? Kisha akamfundisha, mbele yetu sote pale ukumbini, jinsi ya kuweka goti kwenye ubao, kwa sababu mtu mzima kutembea kwa miguu matopeni ni kujitafutia maumivu. Hayo nayo Daktari aliyaandika.

Tulihesabu mwaka mzima. Chekeche alipewa mwanamke tofauti kila bamvua, na wengine walisimama mbali, mikono nyuma. Bamvua ya mwisho zamu ilikuwa yangu. Karibu na kijiji, kitalu kilichofungwa kilitoa kombe thelathini na mmoja, cha wazi ishirini. Nikahesabu tena. Thelathini na mmoja, ishirini. Ukingo wa mbali, vyote viwili vilitoka sawasawa.

Nikahesabu mara ya tatu, polepole, huku natafuta aliyezipika. Nilitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na tairi wala lori wala bwana mwenye viatu. Palikuwa na sisi, na sisi tulikuwa tunavuna karibu kwa kuwa ni karibu, miaka nenda rudi, na magoti yetu yalikuwa yanazeeka na kutuleta karibu zaidi. Daktari Tak aliniuliza aandike ngapi. Nikamwambia. Jioni ukumbini walinitazama wote, wakinisubiri nisimame nipinge. Nilisimama nikasema hesabu ni sahihi, nimeihesabu mimi. Siku ya "sisi" angalau aibu tuligawana watu thelathini na wawili. Hii niliimeza peke yangu.

Mkurugenzi, ambaye safari hii alikunywa chai, alikubali pendekezo la Daktari lililotoka kwenye hesabu ileile: ukingo wa karibu upumzike miaka miwili, wa mbali uendelee kuvunwa, wasiotimia sentimita tatu warudishwe. Kila mtu akaona haki imetendeka, hadi tulipokumbuka goti la Dada Bun-i. Ukingo wa mbali ni mwendo wa nusu saa kwenye ubao, na goti lake halifiki hata robo.

Alisema hakuna tabu, atabaki nyumbani. Alilisema mara nne, kila mara kwa sauti ya juu zaidi.

Ndiyo maana sasa ukifika Dolmok siku ya bamvua utaona mbao mbili zimeunganishwa kwa misumari, na juu yake kikongwe ameketi wima, ameegemea beseni lake. Wawili huvuta mbele, mmoja husukuma nyuma. Zamu hupangwa na Mwenyekiti Pyo, ambaye hajipangi kamwe, na hilo nimelinakili. Daktari Tak huvuta akiwepo, na huvuta vibaya.

Bamvua iliyopita nilikuwa mbele, upande wa kushoto. Tulikuwa hatujafika hata katikati.

"Mama Sang-pil," akasema Dada Bun-i nyuma yangu, "wewe unavuta kama unagombana na mtu."

Nikamwambia ndiyo, nagombana.

"Na nani?"

Nikafikiri. Nilikuwa na majina mengi, na tarehe zake, lakini siku ile hakuna hata moja lililokuja.

"Basi gombana na mguu wako wa kulia," akasema, "tunakwenda pogo."